Jumanne: Kushika ni Kulinda

Soma Kumbukumbu la Torati 5:12–15 na Marko 7:8–13. Je, kuna uhusiano gani kati ya kushika amri na kumtunza mtu?

Neno *kushika* lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mkulima hushika jembe, msafiri hushika njia, mwanafunzi hushika anayofundishwa, na mcha Mungu huitwa mshika dini. Biblia nayo hutumia neno hilo kwa Sabato, kwa amri, na hata kwa mapokeo ya wanadamu. Kwa hiyo yafaa kuuliza neno hilo limebeba nini.

Katika Kutoka 20:8 amri ya nne inaanza kwa agizo la kukumbuka. Katika Kumbukumbu la Torati 5:12 inaanza kwa neno la Kiebrania *shamar*, ambalo maana yake ya msingi ni kulinda, kuangalia kwa uangalifu. Ndilo neno linaloeleza kazi aliyopewa Adamu ya kuitunza bustani (Mwanzo 2:15). Ndilo alilotumia Kaini alipokataa kuwa mlinzi wa ndugu yake (Mwanzo 4:9). Ndilo lililomo katika baraka ya makuhani (Hesabu 6:24), na katika Zaburi 121 limetumika mara sita, kila mara Bwana akiwa ndiye anayelinda. Anayeishika Sabato, basi, anafanya kwa siku hiyo kile ambacho Mungu anakifanya kwa watu wake.

Katika Marko 7:8 Yesu anawaambia Mafarisayo kwamba wameiacha amri ya Mungu na kuyashika mapokeo. Neno la Kiyunani hapo ni *krateo*, kushika kwa nguvu. Marko analitumia pia Yesu anapomshika mkono mkwewe Simoni aliyekuwa na homa (1:31) na binti Yairo aliyekuwa amekufa (5:41). Wahenga walisema, mshika mawili moja humponyoka. Kwa Mafarisayo, lililoponyoka lilikuwa amri ya tano. Mwana alitangaza mali yake kuwa korbani, yaani wakfu kwa Mungu, na wazazi wake wakakosa msaada. Kilichoonekana kuwa ibada kiliwaacha wazee na njaa.

Ni rahisi kuwahukumu Mafarisayo. Lakini tazama nyumba nyingi za washika Sabato siku ya Ijumaa. Chakula kinapikwa, nguo zinapigwa pasi, na jua linapozama familia inaimba. Kesho yake wote wanakwenda kanisani, isipokuwa dada wa kazi. Yeye anabaki kupasha chakula, kuosha vyombo na kumwangalia mtoto, ili wengine wapumzike. Kumbukumbu la Torati 5:14 inawataja mtumwa na mjakazi kwa makusudi: nao wapate kupumzika sawasawa na mwenye nyumba. Sababu inatolewa katika fungu la 15: Israeli nao walikuwa watumwa Misri. Je, Sabato imeshikwa katika nyumba ambayo mtu mmoja hakuipata?

Haifuati kwamba taratibu za Maandalio ni za bure. Maandalio mema yangemweka huru dada huyo pia, kama kazi ingegawanywa mapema kwa kila mtu wa nyumbani, baba akiwamo. Asiye Mwadventista asilazimishwe kuja kanisani. Lakini pumziko ni haki yake, na mshahara wake usipunguzwe kwa ajili ya siku hiyo.

Maswali ya kujadili:

1. Taja desturi moja ya kanisa lenu inayolinda Sabato vizuri. Je, kuna mtu anayelemewa na desturi hiyo?

2. Yesu hakuondoa amri ili kuwasaidia wazazi. Alirudi kwenye amri yenyewe. Hilo linatufundisha nini kuhusu namna ya kurekebisha mapokeo?

3. Kabla ya Ijumaa ijayo, ni nani nyumbani mwako anayepaswa kuulizwa, “Wewe utapumzika saa ngapi?”