Idhini, Komeo na Kimya: Istilahi za Udhibiti wa Treni na Reli Inayongojewa Isiolo

Makala haya yanachunguza namna treni inavyowasiliana na mitambo ya ardhini, na istilahi ambazo Kiswahili kinahitaji ili kuyaeleza mawasiliano hayo bila utata. Mji wa Isiolo umechaguliwa kuwa kielelezo ingawa hauna reli. Stesheni ya Nanyuki iko takriban kilomita 80 kwa barabara, kusini-magharibi mwake. Katika mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012 na Marais Mwai Kibaki na Salva Kiir pamoja na Waziri Mkuu Meles Zenawi, Isiolo ndiyo njiapanda. Reli itokayo Lamu imekusudiwa kufika hapo, kisha tawi moja lielekee Moyale na Ethiopia, jingine Nakodok na Sudan Kusini. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021, lakini reli yenyewe ingali katika makaratasi. Muda huu wa kungoja ndio unaofaa kuundia maneno, kwani mitambo ikishafika huja na majina yake, na majina hayo hayang'oki kwa urahisi.

Katika reli nyingi za kale za njia moja, idhini ilikuwa kitu cha kushikwa mkononi. Dereva hakuingia katika kipande cha reli kati ya stesheni mbili mpaka apewe tokeni ya kipande hicho. Mashine za stesheni hizo ziliunganishwa kwa waya, hivi kwamba tokeni moja ikishatoka nyingine haikuweza kutolewa. Asiye na tokeni hana ruhusa. Hapakuwa na nafasi ya tafsiri.

Leo idhini imekuwa ujumbe. Mfano ulio karibu ni reli ya kisasa ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Reli hiyo imejengwa kwa mfumo wa Ulaya wa udhibiti wa treni, daraja la pili. Treni iendayo kilomita 160 kwa saa hupita takriban mita 44 kila sekunde na huhitaji zaidi ya kilomita moja ili kusimama, kwa hiyo jicho la dereva peke yake halitoshi. Katikati ya reli hufungwa vifaa viitwavyo balisi. Treni ipitapo juu yake hujua mahali ilipo, nayo hukiarifu kituo cha udhibiti kwa redio. Kituo, baada ya kuhakikisha kwamba njia ya mbele haina treni nyingine, hujibu kwa idhini yenye kikomo: nenda hadi hapa, kwa mwendo huu. Kompyuta ya treni hupiga hesabu ya mteremko, umbali na nguvu za breki. Dereva akikawia kupunguza mwendo, kompyuta hushika breki yenyewe. Redio nayo ikinyamaza kupita muda uliowekwa, treni husimamishwa. Kwa bi harusi kimya huhesabiwa ridhaa. Kwa treni kimya ni katazo.

Mfumo huu usifanywe muujiza. Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria iliyokuwa ikipanda mlima ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki. Kompyuta ya leo hutambua treni inaporudi nyuma bila idhini na huamuru breki zishike. Breki zenyewe zisiposhika, amri hiyo haina kazi.

Huenda ikadaiwa kwamba kompyuta hazisemi Kiswahili, basi istilahi za nini? Dai hilo lina ukweli hadi siku mtambo utakapoharibika. Siku hiyo watu ndio huzungumza: mdhibiti aliye kituoni, dereva aliye njiani, na fundi aliyesimama kando ya pointi, yaani pale reli zinapogawanyika. Isiolo ni mji wa Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na Wasomali, na Kiswahili ndicho kitakachowakutanisha katika redio.

Hapo ndipo maneno ya kawaida yanapohatarisha. Fundi akisema "njia iko wazi", je, anamaanisha kwamba haina treni, au kwamba pointi haijafungwa? Neno "imefungwa" ni baya zaidi. Njia iliyofungwa haipitiki. Pointi iliyofungwa barabara ndiyo inayopitika salama. Kitenzi kimoja kinabeba ruhusa na katazo. Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa kuuthamini utata kama utajiri wa shairi, na "ishara" kwake ina tabaka nyingi za maana. Katika reli, tabaka la pili ni ajali.

Lugha yenyewe ina dawa, wala haihitaji kutohoa kila kitu. Mlango hukomewa kwa komeo. Pointi nayo na "ikomewe", na "kufungwa" kuachiwe njia isiyopitika. Kipande kisicho na treni kiitwe "kitupu", si "wazi". "Idhini" ifae kuliko "amri", kwa sababu kituo hakimlazimishi dereva kwenda, bali humwekea mwisho wa kwenda.

Chukua treni mbili, moja kutoka Moyale na moja kutoka Nakodok, zote zikielekea Lamu kupitia Isiolo, nayo mitambo imezimika. Ya Moyale inatangulia. Fundi anatangaza: "Pointi ya tatu imekomewa upande wa Moyale. Kipande cha mbele ni kitupu." Mdhibiti anayarudia maneno hayo neno kwa neno, kisha anatoa idhini kwa treni ya Moyale. Dereva wa treni ya Nakodok hajatajwa. Anabaki amesimama.