Sukari ya kahawia ikiganda

Akina mama wengi hudhani sukari ya kahawia iliyoganda kama jiwe imeharibika. La, haijaharibika. Chembe zake zina molasi yenye unyevu. Unyevu ukikauka, chembe hushikamana. Usiimwagie maji, itayeyuka. Itie katika kopo lenye mfuniko pamoja na kipande cha mkate, funika vizuri, uache usiku kucha. Asubuhi itakuwa imelainika, toa mkate.

Jambo hili si la chai tu. Mtoto akiharisha na pakiti za ORS hazipo nyumbani, twachanganya vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Hapo hakuna muda wa kungojea mkate: twanga mabonge kinuni (si kinu cha pilipili!), kisha sawazisha kila kijiko kwa kisu. Bonge halipimiki, na sukari ikizidi huongeza kuharisha. Ya kahawia yafaa sawa na nyeupe, wala haiishindi kwa afya. Mwenye kisukari asidanganyike. Mtoto akilegea au akishindwa kunywa, apelekwe zahanati mara moja.