Kuhesabu Watu wa Kilosa: Mafunzo Niliyopata

Nimekuwa mtendaji wa kijiji wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, na nilikuwepo kijijini wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022. Naamini wilaya huanza kukosea mipango yake pale inapokuwa haiwajui watu wake. Niliyojifunza ni haya.

1. Anayewajua watu ni mwenyekiti wa kitongoji

Maagizo hushuka kutoka mkoani hadi wilayani, yakapita tarafa na kata, yakafika kijijini. Mkuu wa wilaya huteuliwa na Rais, mkurugenzi huendesha halmashauri, diwani huchaguliwa na wananchi wa kata yake. Lakini ukitaka kujua nani amejifungua juzi, nani amehamia na nani amezikwa, muulize mwenyekiti wa kitongoji. Makarani wa sensa walikuja na vishikwambi; bila yeye kuwatangulia wasingezijua nyumba zilizo nyuma ya mashamba. Hana mshahara, na daftari analoandikia mara nyingi amelinunua kwa fedha yake. Zamani kulikuwa na balozi wa nyumba kumi. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, balozi akabaki mtu wa chama, na mzigo wake wote ukamwangukia mwenyekiti.

2. Hofu ya kuhesabiwa ina historia

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Leo mnaandika majina, kesho mnakuja na mgambo?"

Mzee huyo, mfugaji wa kijijini kwetu, aliuliza kwa dhati. Tangu enzi za Wajerumani, kuandikwa kulimaanisha kodi. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003 tu, na watu wazima wa leo wanakumbuka baba zao wakikimbilia porini kuwakwepa wakusanyaji. Wengine walihamishwa kwa Operesheni Vijiji miaka ya 1970. Niliketi naye, nikamweleza kwamba idadi ya watoto ndiyo inayotumika kuomba walimu na dawa. Akawataja wajukuu wote. Ng'ombe hakuwataja, nami sikumshurutisha.

3. Usiku mmoja haumtoshi mfugaji

Sensa ile ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Agosti ni kiangazi, na vijana wa maboma huwa wamefuata maji na malisho mbali na nyumbani. Kwa taifa hakuna kilichoharibika: wamo ndani ya watu 61,741,120 waliotangazwa. Kwa kijiji ni jambo jingine, kwa sababu idadi ya usiku ule siyo idadi ya wanaokuja zahanati mwezi Aprili. Ndiyo maana rejesta ya wakazi, yaani daftari la kijiji la watu wake, inapaswa kuandikwa mwaka mzima.

4. Orodha ya wakazi ni suala la ardhi

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Kilosa imejaa watu waliokuja kwa sababu mbalimbali. Wakaguru na Wasagara walikuwapo. Reli na mashamba ya mkonge vikaleta vibarua kutoka mbali. Waparakuyo wakaja na mifugo, kisha Wasukuma. Kisheria, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao ndio unaoidhinisha ugawaji wa ardhi. Kwa hiyo kumwandika mtu kuwa mkazi ni kumpa sauti juu ya shamba na malisho, na kumwacha nje ni kumnyang'anya sauti hiyo. Desemba 2000 watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Sidai kwamba daftari lingezuia mauaji yale. Ila nimeona mkutano ambao wafugaji hawakuitwa kwa madai kuwa ni wapita njia, ilhali watoto wao wanasoma shule ya kijiji hichohicho, na nimeona chuki iliyofuata.

5. Takwimu zirudi kijijini

Takwimu hupanda juu, na wanakijiji wenyewe wasipate kuziona. Nilianza kuisoma rejesta yetu kwenye mkutano mkuu, kitongoji kwa kitongoji. Niliposoma idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano, mama mmoja wa kitongoji cha pembeni alisimama akauliza kwa nini kliniki haijawahi kufanyika kwao, wakati watoto wao ni wengi kuliko wa kitongoji chenye zahanati. Wengi walimuunga mkono. Swali lake likaandikwa kwenye muhtasari, likapelekwa kwenye kamati ya maendeleo ya kata likiwa na idadi hiyo pembeni.