"Siku kama ya leo": Tunakumbuka ili iweje?

Ndugu msomaji, siku hizi ni nadra asubuhi kupita bila simu kuleta ujumbe unaoanza na maneno "Siku kama ya leo". Fulani alizaliwa, mfalme fulani alipinduliwa, bomu fulani lilirushwa. Mtindo huu si mgeni kwetu. Wasikilizaji wa redio za nje zinazotangaza kwa Kiswahili wameuzoea tangu zamani. Huku kwetu Kipili, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, wapo wazee wanaokumbuka tarehe za dunia nzima kwa sababu tu redio ilikuwa ndiyo mwalimu wao.

Vijana ninaowafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu wanazipenda tarehe hizi na wanashindana nani anajua nyingi zaidi. Pia wanarushiana dokumentari za vita vya nyuklia: lile wingu la mfano wa uyoga, nyumba zinapeperuka, mtangazaji anahesabu kurudi nyuma hadi sifuri. Wakimaliza kuangalia, nasikia kauli mbili. Ya kwanza: "Ustaadh, hiyo ni Kiyama, sisi watu wa ziwani haituhusu." Ya pili: "Waislamu tungekuwa nayo mengi, wangetuheshimu." Kauli zote mbili zina hatari kwa imani ya kijana. Na jibu lake limo ndani ya tarehe hizo hizo, tukizisoma inavyopasa.

Kukumbuka kuna lengo

Katika Surat Ibrahim, aya ya 5, Mwenyezi Mungu (S.W.T) anamwamrisha Nabii Musa (A.S) awakumbushe watu wake siku za Mwenyezi Mungu. Wanazuoni wameeleza kuwa hizo ni siku za neema na siku za adhabu. Aya inamalizia kwa kusema kuwa mna ishara humo kwa kila mwenye kusubiri na kushukuru. Maana yake ni kuwa kumbukumbu isiyozaa subira wala shukrani ni chemsha bongo tu.

Masahaba walilielewa hilo. Wakati wa ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (R.A) walipotafuta mwanzo wa kuhesabia miaka, ilipendekezwa kuzaliwa kwa Mtume (S.A.W), kupewa utume na kufariki kwake. Wakakubaliana juu ya Hijra. Walichagua tukio la watu kuacha nyumba na mali kwa ajili ya haki. Kwa hiyo kila Muharram kalenda yenyewe inatuuliza: wewe umehama kutoka wapi kwenda wapi?

Je, haituhusu?

Ukimuuliza mwanafunzi Vita Kuu ya Kwanza ilikwisha lini, atajibu upesi: 11 Novemba 1918. Hiyo ni tarehe ya Ulaya. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alikabidhi silaha 25 Novemba 1918 mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wa Rukwa. Wakati Ulaya ilikwishanyamaza, wapagazi Waafrika walikuwa bado wako njiani na mizigo ya vita isiyokuwa yao. Hata meli ya Liemba, iliyopakia na kushusha watu hapa Kipili kwa miaka mingi, iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikawa meli ya vita, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, na ikarudi kazini mwaka 1927.

Na bomu la atomiki je? Ng'ambo ya ziwa letu ni Congo, na kusini zaidi, katika Katanga, kuna mgodi wa Shinkolobwe. Madini yake ya urani yalikuwa na ubora usio na mfano. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, alipeleka kiasi cha tani 1,200 za madini hayo New York. Mwaka 1942 yakauzwa kwa jeshi la Marekani, na mengine yakafuata. Sehemu kubwa ya urani ya mradi uliotengeneza bomu la Hiroshima ilitoka huko. Ilichimbwa na mikono ya Wacongo ambao hawakuambiwa inakwenda kufanya nini. Mtu akisema haituhusu, mwambie atazame magharibi jua linapozama.

Ramadhani ya Nagasaki

Hiroshima ilipigwa 6 Agosti 1945, Nagasaki 9 Agosti. Inakadiriwa kuwa hadi mwisho wa mwaka ule watu 140,000 walikuwa wamekufa Hiroshima na zaidi ya 70,000 Nagasaki. Sasa fanya hesabu ndogo. Indonesia ilitangaza uhuru wake Ijumaa, 17 Agosti 1945, ambayo kwao ilikuwa 9 Ramadhani 1364. Rudi nyuma siku nane. Kwa hesabu hiyo, Nagasaki iliteketezwa siku ya kwanza ya Ramadhani.

Na Waislamu walikuwemo. Vijana wa Kimalaya waliopelekwa Japani kusoma walikuwa Hiroshima siku ile. Nik Yusof na Syed Omar walifariki kutokana na bomu hilo. Pengiran Yusuf wa Brunei alinusurika, akaja kuwa Waziri Mkuu wa nchi yake. Moto haukuuliza nani Mjapani na nani mgeni, nani askari na nani mwanafunzi.

Hapa ndipo dokumentari nyingi zinapotudanganya macho. Zinatuonyesha wingu kutoka mbali, na wingu kutoka mbali linapendeza. Mwaka 1965 Peter Watkins aliitengenezea BBC filamu ya The War Game, iliyoonyesha yale yanayowapata watu chini ya wingu: majeraha, njaa, sheria kuvunjika. BBC ilikataa kuirusha kwenye televisheni hadi 1985. Tujiulize, kwa nini wingu lionyeshwe kila siku na majeruhi wafichwe miaka ishirini?

Takbira juu ya bomu

Nije kwenye kauli ya pili, ambayo najua itawaudhi baadhi ya wasomaji. Tarehe 28 Mei 1998 Pakistan ilifanya majaribio ya nyuklia huko Chagai, kujibu yale ya India ya mwezi huo huo. Siku hiyo inaadhimishwa kwao kwa jina la Siku ya Takbira. Waislamu wengi walifurahi, na sababu ya furaha yao inaeleweka. Aliyedhalilishwa hufurahia chochote kinachomtisha adui yake.

Wapo watakaonikumbusha Surat Al-Anfal, aya ya 60, inayoamrisha kuandaa nguvu. Ni kweli. Lakini aya ya 61 inaamrisha kuelekea kwenye amani adui akielekea huko, na Surat Al-Baqara, aya ya 190, inakataza kuvuka mipaka. Khalifa Abu Bakr (R.A), katika usia uliopokewa katika Muwatta ya Imam Malik, alimkataza kamanda wake kuua wanawake, watoto na wazee, kukata miti ya matunda na kubomoa mahali panapokaliwa. Nayo hadithi sahihi inakataza kuadhibu kwa moto. Silaha ambayo haiwezi kutumika mjini bila kuyavunja yote hayo kwa mpigo mmoja, inaheshimiwa kwa dalili gani? Izza ya Muislamu ni kujizuia akiwa na uwezo.

Siku ambayo halikutokea jambo

Usiku wa 26 Septemba 1983, katika kituo cha ulinzi cha Kisovieti, mitambo ilionyesha makombora matano ya Marekani yakija. Stanislav Petrov, afisa wa zamu, alitakiwa kutoa taarifa juu. Akazingatia: nani aanze vita kwa makombora matano tu? Akaripoti kuwa mtambo umekosea, na kweli ulikuwa umekosea. Petrov hakuwa Muislamu, lakini alifanya kile tunachoamrishwa katika Surat Al-Hujurat, aya ya 6: kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na sisi tunaosambaza kila ujumbe kabla ya kuusoma mara mbili, tungekaa kwenye kiti chake ingekuwaje?

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukiletewa "Siku kama ya leo", usiishie kwenye tarehe. Uliza nani aliumia na nani alijizuia, kisha uliza wewe unapaswa kushukuru nini na kurekebisha nini. Mzazi, angalia filamu hizo pamoja na mwanao, umuelekeze. Na kijana anayesema Kiyama kimefika kwa hiyo hakuna la kufanya, akumbuke mafundisho ya Mtume (S.A.W): Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, basi upande.

Wallahu a'lam.