SOMO LA AFYA: KUIELEWA HOMONI YA UJAUZITO KATIKA MIMBA ZABIBU

Somo la toleo hili linahusu tatizo lisilotokea mara nyingi, ila likitokea huacha familia na maswali mengi. Tatizo hilo ni mimba zabibu. Tutaeleza asili yake, kisha tutajifunza kwa nini mwanamke aliyekwisha kusafishwa kizazi hutakiwa kurudi hospitalini kupimwa damu kwa miezi kadhaa, hata anapojiona mzima kabisa. Wengi huacha mahudhurio hayo njiani, na hapo ndipo hatari ilipo.

Mimba zabibu ni nini?

Katika mimba ya kawaida, yai la mama hukutana na mbegu moja ya baba, na kila upande huchangia nusu ya vinasaba. Mimba zabibu hutokea pale mchango huo unapokosa ulinganifu. Katika mimba zabibu kamili, yai huwa halina vinasaba vya mama, hivyo vya baba peke yake ndivyo hujirudufu. Kijusi hakiumbiki. Katika mimba zabibu isiyo kamili, yai moja hurutubishwa na mbegu mbili. Kijusi huweza kuanza kuumbika, ila kwa kawaida hakiwezi kuishi. Katika hali zote mbili, tishu ambazo zingekuwa kondo la nyuma huota kupita kiasi na kuvimba, zikawa vifuko vidogo vya maji vilivyoshikamana kama kichala cha zabibu. Hapo ndipo jina lilipotoka.

Ieleweke wazi kwamba tatizo hili halitokani na uchawi, laana wala uzinzi. Ni hitilafu ya utungaji mimba wenyewe, na si kosa la mama wala la baba. Huwapata zaidi wasichana wenye umri mdogo sana na wanawake waliovuka miaka 40.

Homoni inayopanda kupita kiasi

Tishu za kondo hutengeneza homoni ya ujauzito, ambayo maabara huiandika kwa herufi hCG. Homoni hiyo ndiyo inayotafutwa na kipimo cha mkojo cha mimba. Katika mimba ya kawaida hupanda hadi kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, mara nyingi karibu na yuniti 100,000 kwa lita moja ya damu, kisha hushuka. Katika mimba zabibu kamili, tishu zinazoitengeneza ni nyingi mno, hivyo kiwango huweza kupita 100,000 na kufika laki kadhaa. Katika mimba zabibu isiyo kamili, kiwango huweza kuwa sawa na cha mimba ya kawaida. Kwa sababu hiyo, namba peke yake haitoshi kuthibitisha ugonjwa. Picha ya ultrasaundi huhitajika, pamoja na uchunguzi wa tishu zilizotolewa.

Wingi huo wa homoni ndio unaoeleza dalili nyingi. Mama hutapika kuliko kawaida. Mifuko ya mayai huweza kuvimba na kujaa maji. Kwa kuwa homoni hii inafanana kimaumbile na ile inayoiamuru tezi ya shingoni, tezi hiyo huweza kuchochewa kupita kiasi, na mama akapata mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka na kutokwa jasho. Dalili nyingine ni kutokwa damu ukeni, tumbo kuwa kubwa kuliko umri wa mimba, na shinikizo la juu la damu kabla ya wiki ya 20.

Kipimo cha mkojo kinapodanganya

Homoni ikizidi mno, kipimo cha mkojo huweza kuonesha kwamba hakuna mimba. Kipimo hicho hufanya kazi kama mikono miwili: mmoja umebeba rangi, mwingine umefungwa kwenye mstari, na homoni ndiyo inayoishikanisha. Homoni ikifurika, kila mkono hujaa homoni yake, mikono haikutani, na mstari hufifia au hautokei kabisa. Mtaalamu wa maabara akiushuku udanganyifu huo, huuchanganya mkojo na maji na kuupima upya. Kwa hiyo, mwanamke mwenye dalili tulizozitaja asirudi nyumbani kwa sababu tu kipimo kimesema hapana. Aombe kuonwa na daktari.

Baada ya kusafishwa: kusoma namba

Matibabu ya kwanza ni kusafisha kizazi hospitalini. Baada ya hapo homoni hutakiwa kushuka hadi chini ya yuniti 5, na kwa wengi hufika huko ndani ya wiki nane hadi kumi na mbili. Damu hupimwa kila wiki moja au mbili hadi majibu matatu mfululizo yawe ya kawaida, kisha kila mwezi kwa muda atakaoupanga daktari, mara nyingi hadi miezi sita.

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Mama wa kwanza anapimwa kila wiki na kupata 9,400, 1,900, 410, 95, 28, 9, kisha 4. Namba zinashuka bila kusita, na hiyo ni dalili njema. Mama wa pili anapata 6,200, 1,450, 820, 805, 830, kisha 815. Ameshuka kisha amekwama: majibu manne ya mwisho, katika muda wa wiki tatu, yako pale pale. Yeye haumwi popote, lakini namba zinasema kuna tishu zinazoendelea kuota. Vivyo hivyo, homoni inayopanda katika vipimo vitatu mfululizo vya kila wiki ni ishara ya hatari.

Hali hiyo hutokea kwa takriban wanawake 15 hadi 20 katika kila 100 waliopata mimba zabibu kamili, na kwa wachache zaidi katika ile isiyo kamili. Tishu hizo huweza kuwa saratani na kusambaa hadi kwenye mapafu. Hata hivyo, hii ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri kuliko nyingi. Mwaka 1956 nchini Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz waliitibu kwa dawa ya methotreksati, na dawa hiyo inatumika hadi leo. Ikigunduliwa mapema, karibu wagonjwa wote hupona, na wengi huweza kuzaa baadaye.

Wajibu wa familia

Katika kipindi cha vipimo mama asishike mimba, kwa kuwa mimba mpya hupandisha homoni ile ile na kumnyima daktari njia ya kujua kama ugonjwa umerudi. Atumie njia ya uzazi wa mpango atakayoshauriwa. Kitanzi kisiwekwe kabla homoni haijarudi katika hali ya kawaida. Mume na mama mkwe wasimharakishe kutafuta mtoto. Miezi hiyo ikiisha salama, uwezekano wa kupata mimba zabibu tena ni mdogo: takriban mwanamke mmoja au wawili kati ya 100.

Mwenye kutokwa damu akiwa mjamzito afike mapema kwenye zahanati au kituo cha afya, apewe rufaa ya kwenda hospitali yenye ultrasaundi. Aliyekwisha kusafishwa atunze kadi yake na kuandika kila jibu na tarehe yake. Akikosa nauli, amweleze mapema mhudumu wa afya wa jamii, ili familia na majirani wasaidiane naye kabla tarehe haijapita. Kujiona mzima hakutoshi kuwa sababu ya kuacha vipimo. Ruhusa ya kuacha hutolewa na daktari baada ya kuzisoma namba.