Fremu ya Picha ya Kijapani: Ya Kufanya na ya Kuacha

Picha za Kijapani zilizochapwa kwa vibao vya mbao, zile za akina Hokusai na Hiroshige, kwa kawaida hazikutengenezwa zining'inie ukutani. Watu wa Edo, Tokyo ya leo, walizinunua dukani, wakazitazama mkononi, wakazihifadhi kwenye albamu na makasha. Ukiitia moja kwenye fremu, umeitoa gizani kwa hiari yako, na kuanzia hapo lolote litakaloipata ni juu yako. Basi sikiliza.

Usianze na mbao. Anza na karatasi. Nawa mikono, jifute ikauke, tandaza karatasi safi mezani, weka picha juu yake, pima. Saizi iliyozoeleka, oban, ni takriban sm 38 kwa 26, lakini usipime kwa mazoea; nakala nyingi zimeshapunguzwa na waliokutangulia.

Usikate ukingo wa picha, hata milimita moja. Fremu ikitoka ndogo, tengeneza nyingine. Mara nyingi muhuri wa mchapishaji uko ukingoni, na kwa kazi za msanii Kawase Hasui ndio mnunuzi mjuzi anaouangalia kwanza ili ajue nakala ni ya kipindi gani. Fundi wa mtaani akikwambia "napunguza kidogo tu ikae vizuri," mnyang'anye mkasi.

Usiigundishe. Hapa sina mjadala. Si kwa gundi ya mbao, si kwa selotepu, si kwa gundi ya kupuliza, na neno "laminesheni" lisitajwe mbele ya picha hii. Washi, karatasi ya Kijapani, hutengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la kozo, mti wa jamii ya mforsadi. Hewa ikiwa na unyevu karatasi hutanuka, ikikauka hunywea; ukiibana pande zote nne itafanya mawimbi au itachanika. Tena upande wa nyuma nao ni sehemu ya kazi. Igeuze uone rangi ilivyopenya, na pengine alama za mviringo zilizoachwa na baren, kisugulio cha mkono cha mchapaji. Ukipaka gundi umeyafuta hayo yote.

Ishike kwa vipande viwili vya karatasi, juu tu. Chukua washi nyepesi, uichane kwa vidole badala ya kuikata kwa mkasi. Ukingo uliochanwa huwa na manyoya laini yasiyoacha mstari upande wa mbele. Pika uji mzito wa wanga wa ngano, uchuje, uuache upoe. Paka kidogo sana: milimita 4 au 5 zishike picha, kipande kilichobaki kishike kadibodi ya nyuma. Weka karatasi ya kunyonya maji na kitu kizito juu yake mpaka pakauke kabisa. Pande tatu zilizobaki ziwe huru. Wanga hulainika kwa maji, kwa hiyo atakayeifungua miaka 40 ijayo hatakutukana.

Usiruhusu picha iguse kioo. Dirisha la kadibodi si pambo; kazi yake ni kuacha nafasi ya hewa. Katika joto la pwani, kati ya Lamu na Mtwara, karatasi iliyolala kwenye kioo huota ukungu na hatimaye hunata. Tumia kadibodi ya pamba isiyo na asidi, na usithubutu kutumia hadibodi wala boksi la sabuni. Dirisha liache milimita 4 za karatasi zionekane nje ya mstari wa picha.

Mbao iwe kavu. Mbao mbichi ikinywea, kona hufunguka kwa ndani, na hakuna puti itakayoficha aibu hiyo. Wajapani wana kiri, sugi na hinoki. Wewe mwenye mninga au msaji hujapungukiwa kitu, ila msaji una mafuta, uufute kwa spiriti kabla ya gundi. Upana wa milimita 20 unatosha. Nakshi na dhahabu waachie wenye picha za wafalme.

Piga hesabu kabla ya kushika msumeno. Tuseme kadibodi ni sm 50 kwa 39. Ngazi ya ndani inayobeba kioo ikatwe sm 50.3 kwa 39.3, maana milimita 3 za kupumulia ni lazima. Mbao ya milimita 20 yenye ngazi ya milimita 6 itakupa urefu wa nje wa sm 53.1 na 42.1. Kina cha ngazi kisipungue milimita 12.

Usiamini alama ya nyuzi 45 kwenye mashine. Fremu ina mikato 8. Kila mkato ukikosea nusu nyuzi upande uleule, kona ya mwisho itaachama nyuzi 4. Jaribu kwanza kwenye mabaki, hakikisha kwa skwea. Pande zinazotazamana zikatwe kwa kizuizi kimoja, si kwa alama ya penseli. Ukishabana, pima kutoka kona hadi kona. Vipimo viwili visipolingana, fungua kabla gundi haijashika. Mbao zilizokatwa mshazari hazishikani vizuri kwa gundi peke yake, kwa hiyo pachika kipande chembamba cha mbao kuvuka kila kona.

Vanishi ipakwe na ikauke kabisa kabla picha haijaingia chumbani. Ngazi ya ndani ibandikwe utepe wa alumini, kwa kuwa mbao hutoa asidi.

Usiitundike mkabala na dirisha. Buluu ya ua la tsuyukusa na nyekundu ya beni hupauka upesi. Buluu ya Prussia iliyomo katika Wimbi Kubwa la Hokusai, la mnamo 1831, huvumilia zaidi. Makumbusho huzionyesha kwa mwanga wa takriban lux 50, kisha huzipumzisha. Kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno husaidia, ila hakizuii mwanga unaouona.

Mgongo usipigiliwe misumari. Tumia vibanio vya kugeuza, ili picha itoke bila nyundo. Funga mianya kwa utepe wa karatasi dhidi ya wadudu, na chini bandika vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Ukuta wa bafu na wa jiko haumo kwenye hesabu, hata kama msumari tayari upo.