Kifaa Kikikosa Katizo, Kiendeshi Kifanye Nini?

Injini ya DMA huhamisha data ndani ya kumbukumbu bila kuishughulisha prosesa. Ikimaliza, hupiga hodi kwa katizo. Lakini si kila mashine inakubali kila aina ya katizo. Mfano wetu ni ioatdma, kiendeshi cha Linux kwa injini za DMA za Intel.

Makatizo yenyewe ni ya aina gani?
Tatu. INTx ni ya zamani: vifaa kadhaa huchangia laini moja. MSI haihitaji laini; kifaa huandika ujumbe kwenye anwani maalumu, na hupata hadi vekta 32, yaani makatizo tofauti. MSI-X hufikia 2,048, hivyo kila chaneli ya injini yaweza kuwa na yake.

MSI-X ikikosekana, ndiyo basi?
La. ioatdma hujaribu MSI-X, ikishindikana hushuka hadi MSI, kisha INTx. Wengi hujikwaa hapo kwenye kushuka. Tuseme chaneli mbili zimepata katizo, ya tatu imekosa. Rudisha yale mawili na uzime MSI-X kwanza, kwa sababu kerneli haiwashi MSI kwenye kifaa ambacho MSI-X yake bado iko hai.

Mtumiaji akiandika mpangilio usiojulikana je?
Kigezo ioat_interrupt_style hupokea msix, msi au intx. Ukiandika kingine, kiendeshi hakibahatishi. Huripoti kosa, huandika sifuri kwenye rejista ya makatizo ili kifaa kinyamaze, kisha hukataa kuendelea.

INTx ina mtego gani?
Ni laini ya shirika. Katizo likija, soma kwanza rejista ya kifaa chako. Kama si lako, rudisha IRQ_NONE. Linux huhesabu: katika makatizo 100,000, yasiyo na mwenyewe yakizidi 99,900, laini hufungwa. Ukidai kila katizo ni lako, unaupofusha ulinzi huo.

Naweza kuacha makatizo kabisa?
Ndiyo, kwa kuchungulia. Moduli ya majaribio, dmatest, ina kigezo polled: prosesa hukaa ikitazama kama kazi imeisha. Kwa uhamisho mfupi inatosha, ila prosesa uliyotaka kuipumzisha sasa imegeuka mlinzi wa zamu.

Kosa lipi ni baya zaidi?
Kupokea kazi yenye alama ya DMA_PREP_INTERRUPT, inayoomba katizo kazi ikiisha, huku ukijua huna njia ya kutoa taarifa. Data itafika salama, lakini aliyeituma atabaki akingoja hodi isiyopigwa. Afadhali umrudishie kosa mapema. Atatafuta njia nyingine.